Dawa ya Deni Hunywewa kwa Kipimo

Wazee walisema ya kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hii ni ya kweli, lakini methali chache zimeonewa kama ilivyoonewa hii. Mdai huitamka akiwa amesimama mlangoni pamoja na dalali. Mdaiwa huisikia akiwa amejificha chumba cha ndani, naye amewaagiza watoto waseme baba hayupo. Wote wawili huielewa kwa maana moja: lipa leo, lipa yote, la sivyo uangamie. Methali haikusema hivyo. Ilisema dawa, na kila mtu aliyepata kuugua ajua ya kuwa dawa ina kipimo chake: kijiko asubuhi, kijiko jioni, mpaka chupa iishe. Mgonjwa anayelazimishwa kunywa chupa nzima kwa siku moja haponi, bali hufa. Mgonjwa anayeimwaga dawa chini ya kitanda, kisha akadanganya kuwa ameinywa, naye haponi.

Msomaji kijana, insha hii inatetea kipimo. Inatetea mapatano ya kulipa deni kwa mafungu, yanayofanywa waziwazi na kwa mujibu wa sheria, ili mdaiwa asifilisiwe na wadai wasipoteze haki yao. Mtu aliyeelemewa na madeni, ambaye bado ana kazi au biashara iletayo pato, huwakabili wadai wake wote kupitia kwa msimamizi anayetambuliwa na sheria. Huwaonyesha mali yake yote na madeni yake yote. Huahidi kulipa kiasi fulani kila mwezi kwa miaka fulani. Nao wakikubali, huacha kumshtaki na kumnadia vitu vyake maadamu anatimiza ahadi. Kinyume cha hayo ni kufilisiwa, yaani kutangazwa na mahakama kuwa muflisi, na mali kutiwa mikononi mwa mtu mwingine iuzwe na kugawanywa.

Njia hii ina maadui wawili, na ajabu ni kwamba maadui hao ni wale wale ambao ingewafaa. Wa kwanza ni mdaiwa mwenye kiburi, anayeona aibu kusema ameshindwa. Wa pili ni mdai mgumu, anayeona kuwa kumpa mtu muda ni kumpa mwizi mlango wa nyuma. Nitawajibu mmoja mmoja.

Mdaiwa mwenye kiburi husema, "Muungwana hatangazi umaskini wake." Kwa hiyo huuficha. Hukopa kwa simu ili alipe chama, hukopa chamani ili alipe duka, hukopa dukani ili watoto wale. Afukuaye shimo ili kufukia shimo jingine hajapata kumaliza mashimo, maana kila shimo jipya ni kubwa kuliko lililotangulia kwa kadiri ya riba yake. Mwisho mtu huyu hubadili nambari ya simu, huhama usiku, na huacha kuhudhuria harusi na matanga ya jamaa zake kwa hofu ya kukutana na fulani. Je, huo ndio uungwana? Aliyeogopa kusema neno moja la kweli mbele ya watu watano sasa asema uongo mbele ya mtaa mzima.

Tena deni lililokimbiwa halibaki nyuma likimngoja mwenyewe. Humwangukia mtu mwingine. Katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, ambavyo walimu, wauguzi, wakulima na madereva hutegemea, mkopo huwa na wadhamini. Mkopaji akitoweka, chama hugeukia akiba ya wadhamini. Rafiki aliyetia sahihi kwa wema hukatwa pesa alizoweka kwa ajili ya karo ya mwanawe, ili kulipa mkopo ambao hakuutumia hata senti. Aibu iliyoepukwa na mmoja huwa msiba wa watatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mficha deni huumbuliwa pamoja na wale waliompenda.

Haya, na mdai mgumu je? Yeye husema, "Mali ni yangu, naitaka leo." Haki yake siipingi. Aliyetoa bidhaa zake au fedha zake kwa imani anastahili kulipwa, na mtu asikudanganye kwamba mdai ni adui wa maskini. Aghalabu mdai mwenyewe ni maskini. Mama auzaye mboga sokoni kwa ahadi ya mwisho wa mwezi ni mdai. Fundi aliyeshona sare za shule na hajalipwa ni mdai. Ninachopinga ni hesabu ya mdai mgumu, si haki yake.

Dunia imeijaribu njia ya ukali kwa muda mrefu sana, nayo haijaleta faida. Sheria ya kale ya Roma, iliyoandikwa karibu na mwaka wa 450 kabla ya Kristo, ilimruhusu mdai kumfunga mdaiwa kwa minyororo, na mwisho kumuuza utumwani ng'ambo ya mto Tiber. Uingereza ilikuwa na magereza ya wadaiwa. Baba yake Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa riwaya, alitiwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka wa 1824, kwa sababu ya deni la mwuza mikate lililokuwa pauni 40 na shilingi 10. Mtoto Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu badala ya kwenda shule. Hebu niambie, mtu aliye gerezani ataoka mkate gani, au atauza nini, apate kumlipa mwuza mikate? Wadai walimfungia ndani mtu yule yule ambaye kazi yake ndiyo peke yake ingeweza kuwalipa. Uingereza yenyewe ilichoshwa na upumbavu huo, na mwaka wa 1869 ilikomesha sehemu kubwa ya vifungo vya deni.

Hapa Kenya kifungo cha madai kingalipo katika sheria. Mdai aweza kuiomba mahakama imfunge mdaiwa, naye mdai ndiye atakayelipia chakula chake muda wote wa kifungo. Akitoka, deni halijafutika. Angalia basi faida ya mdai: amepoteza fedha, ameongeza fedha za ugali na maharagwe, na deni liko pale pale. Lakini angalia pia hekima iliyomo katika sheria hiyo. Haikusudii kumfunga kila mwenye deni. Yataka mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba mtu huyo anao uwezo wa kulipa ila hataki, au yu katika kutoroka. Kumbe hata sheria kali yajua tofauti baina ya asiyetaka na asiyeweza. Mdai mgumu ndiye asiyetaka kuijua.

Dini zetu nazo zaijua. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inamwelekeza mwenye kudai ampe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki. Torati iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kuachilia madeni. Wala vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya kuwasifu wasiolipa. Viliandikwa ili kuwakumbusha wenye nguvu kwamba mtu ni zaidi ya deni lake.

Ikiwa mdai hashawishiki kwa huruma, na ashawishike kwa hesabu. Tuifanye kama tunavyofanya darasani. Tuseme mwenye duka mjini Machakos anadaiwa shilingi 600,000 na watu watano. Wadai wakimfilisi, rafu, mizani, jokofu na bidhaa zilizobaki zitapigwa mnada. Kila mtu ajua bei ya mnadani: kilichonunuliwa kwa shilingi 1,000 huuzwa kwa 200. Tuseme mnada utaleta shilingi 150,000, na gharama zake ziwe 30,000. Zitabaki 120,000 za kugawanywa, yaani kila mdai atapata senti 20 katika kila shilingi yake. Na siku ya pili duka halipo, mwenye duka hana kazi, na wadai hao wamepoteza mnunuzi.

Sasa tuseme wamekubali mapatano. Duka likiendelea, humwachia mwenyewe shilingi 12,000 kila mwezi baada ya matumizi ya lazima ya nyumba yake. Toa 2,000 za kumlipa msimamizi, zibaki 10,000 za wadai. Kwa miezi 48 watapokea shilingi 480,000, yaani senti 80 katika kila shilingi. Miaka minne ni mirefu, nakiri. Lakini baina ya senti 20 za leo na senti 80 za polepole, ni mdai gani mwenye akili atakayechagua senti 20 kwa sababu tu zinakuja na furaha ya kumwona jirani yake akitolewa vyombo nje? Mtaka yote hukosa yote.

Yawezekana utasema kwamba hesabu za mwalimu hutoka sawa siku zote, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyezitunga. Basi nikupe habari ya mtu aliyeishi kweli. Sir Walter Scott alikuwa mwandishi wa riwaya maarufu kuliko wote wa Uskoti. Kitabu chake Ivanhoe kilitoka mwaka wa 1819 na kingali kikisomwa. Mtu huyu alikuwa mshirika wa siri katika kiwanda cha uchapaji cha rafiki yake, James Ballantyne. Alinunua mashamba na kujenga jumba kubwa la Abbotsford, mara nyingine kwa kutegemea malipo ya vitabu ambavyo hajaviandika bado. Mwezi wa Januari 1826 kampuni iliyokuwa ikitoa vitabu vyake ilianguka, na kiwanda kikaanguka nayo. Scott, akiwa na umri wa miaka 54, alijikuta anadaiwa zaidi ya pauni 100,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Hakuwa mtu asiye na kosa. Mashamba yale na siri ile vilikuwa sehemu ya anguko lake.

Scott angeweza kujitangaza muflisi, mali yake ikagawanywa, akaanza upya. Hakufanya hivyo. Alikataa pia msaada wa marafiki. Aliwaomba wadai wake mapatano: mali yake iwekwe chini ya wadhamini kwa ajili yao, naye aandike, na mapato ya kalamu yake yawe yao mpaka deni litakapokwisha. Wadai wakakubali. Nyumba yake ya mjini Edinburgh ikauzwa. Mkewe akafa mwezi wa Mei mwaka ule ule. Yeye akaendelea kuandika, riwaya na historia, na kitabu kikubwa cha maisha ya Napoleon kilichotoka mwaka wa 1827. Mwisho wa mwaka huo wadai wakapata mgawo wao wa kwanza, shilingi 6 katika kila pauni, na pauni wakati huo ilikuwa shilingi 20. Mwezi wa Desemba 1830 wakapata shilingi 3 nyingine. Wakafurahi hata wakamrudishia, kwa shukrani, vitabu na vyombo vya nyumba yake. Scott alikufa Septemba 1832, mwili umechoka kwa kazi na kiharusi, na kilichosalia cha deni kikalipwa baadaye kwa mapato ya haki za vitabu vyake.

Wadai hao wangemtupa gerezani, nani angeviandika vitabu hivyo? Wangeuza kalamu yake mnadani, ingeleta pauni ngapi?

Lakini habari hii ina fundisho la pili, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Mwaka wa 1827 kampuni moja ya London, iliyokuwa ikimdai Scott, ilikataa kungoja pamoja na wengine. Ilitaka fedha zake mara moja, na ikatishia kumkamatisha. Wadai karibu wote walikuwa wamekubali, na mmoja tu alikaribia kuubomoa mpango mzima. Scott aliokoka kwa kuwa rafiki yake alilipa deni hilo kwa siri. Hiyo ndiyo ila ya ahadi zisizo na sheria nyuma yake: wanne wakiwa na subira na mmoja akawa na pupa, mwenye pupa hula chakula cha wote. Na si kila mdaiwa aliye na rafiki tajiri.

Kwa sababu hiyo sitetei ahadi za mlangoni, za "njoo Ijumaa". Natetea mapatano rasmi. Kenya ilipotunga Sheria ya Ufilisi ya mwaka wa 2015, iliweka ndani yake njia kwa mtu binafsi na kwa kampuni za kupatana na wadai kabla ya kufikia ufilisi. Mtu binafsi hutayarisha pendekezo lake na hesabu ya mali na madeni yake, huyakabidhi kwa msimamizi mwenye idhini, kisha huiomba Mahakama Kuu amri ya muda. Amri hiyo humkinga, kwa siku 14 za mwanzo, asishtakiwe ili afilisiwe wala mali yake isikamatwe bila ruhusa ya mahakama. Katika kivuli hicho wadai huitwa, hulisoma pendekezo, na huamua. Mapatano yakipitishwa kama sheria inavyotaka, mdai mmoja mwenye pupa hawezi tena kuyavunja. Hata hivyo mwenye rehani halazimishwi kuiacha rehani yake bila ridhaa yake mwenyewe. Na kwa madeni madogo ipo njia nyepesi zaidi, ya kumwomba Mpokezi Rasmi wa serikali atoe amri ya kulipa kwa mafungu.

Linganisha na hali ya muflisi. Mali yake huondoka mikononi mwake. Jina lake hutangazwa. Katiba ya mwaka wa 2010 yasema kwamba muflisi ambaye hajaachiliwa hastahili kuchaguliwa kuwa mbunge. Ufilisi si laana, nao una mahali pake: yule asiye na pato lolote hana cha kuahidi, na kumfunga kwa mapatano ni kumdanganya yeye na wadai wake. Lakini mwenye uwezo wa kulipa polepole asisukumwe shimoni kwa kuwa hawezi kulipa mbio.

Hapa mpinzani wangu huinua sauti. "Njia hii," asema, "itawafundisha watu kukopa bila kufikiri. Watakula harusi, kisha waombe kupunguziwa matanga." Jibu ni kwamba mapatano si msamaha. Mtu aliye ndani yake huishi miaka kadhaa huku hesabu ya nyumba yake ikisomwa na wengine. Hanunui gari, na hafanyi sherehe ya kifahari huku wadai wakimtazama. Akificha mali au akisema uongo katika hesabu zake, au akiacha kulipa, mlango wa ufilisi hufunguliwa upya. Mlaghai hataki njia ya namna hiyo. Mlaghai hupenda giza, na mapatano huanza kwa kuwasha taa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. "Kutia sahihi si kulipa," husema wengine, na hutuonyesha maduka yetu makubwa. Wanasema kweli. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa Januari 2018, na Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, ilikubaliwa mapatano na wadai wake mwezi wa Machi 2020, lakini hayakuirudishia hadhi yake ya zamani. Waliouzia maduka hayo maziwa, unga na mboga waliumia sana. Je, hilo ni kosa la mapatano? Tazama saa waliyokwenda kwa mganga: rafu zilikuwa tupu, na matawi mengi yalikuwa yamefungwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukingoja mpaka ukuta uanguke, hata matofali utakuwa huna. Mifano hii haifundishi kwamba tusipatane. Yafundisha kwamba tupatane mapema, wakati duka lingali na bidhaa na mdaiwa angali na pato.

Msomaji kijana, usidhani kwamba mambo haya ni ya wazee na matajiri. Wengi wenu mtasoma Chuo Kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995; mtaanza maisha mkiwa tayari wadaiwa. Wengine mtafungua maduka, mtauza kwa mkopo, na mtakuwa wadai. Wengi mtakuwa vyote viwili kwa siku moja.

Utakapokuwa mdaiwa, na mzigo ukakuzidi, chukua karatasi uandike kila deni bila kuacha hata moja. Nenda kwa wadai wako kabla hawajaja kwako. Ahidi kile unachoweza kukitoa kweli, si kile kitakachowafurahisha. Utakapokuwa mdai, na mtu akaja mbele yako na karatasi yake mkononi, usimcheke. Isome. Ukiona ni ya uongo, mahakama ipo. Ukiona ni ya kweli, jua kwamba umempata mdaiwa wa thamani kubwa: mtu aliyekuwa na nafasi ya kukimbia na hakukimbia. Mpe muda wake, upokee fungu lako la kila mwezi, na usihesabu siku kwa hasira. Bandu bandu huisha gogo.